Simu ya Mtu Wako

Nimepokea simu za dharura kwa miaka tisa, na kama kuna kitu kazi hii imenifundisha, ni kwamba watu hudanganya. Hawana ubaya. Mmoja anakwambia mkewe hapumui kabisa, na nyuma yake unamsikia mke mwenyewe akiuliza huyo asiyepumua ni nani. Mwingine anasema ajali ina majeruhi kumi kwa sababu anaogopa akisema mmoja gari halitakuja. Mwingine kaanguka yeye mwenyewe kutoka juu ya paa, mguu umegeuka nyuma mbele, lakini majirani wamesimama pale wanamtazama, basi anasema kajikwaa kidogo tu. Hao wote nilikuwa nikiwakamata kabla hawajamaliza sentensi ya tatu. Nilikuwa na sikio, na nilijua kwamba ninalo, jambo ambalo halikunifanya kuwa mtu rahisi wa kukaa naye.

Kazini waliniita Hakimu. Sikulipenda jina hilo, na sikulikataa.

Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, juu ya stoo ya dawa. Kina meza sita, na kila meza ina skrini, hedifoni na kiti ambacho sponji yake imekwisha kitambo. Maswali yanakuja kwenye skrini kwa mpangilio wake: uko wapi, namba yako ni ipi, kumetokea nini, mgonjwa ana fahamu, anapumua. Hupigi hatua bila kujaza lililotangulia. Ukishaandika mahali tu, ujumbe unawafikia wenzetu wa magari walioko upande wa pili wa kioo, na gari linaondoka huku wewe bado unauliza mengine. Wapigaji wengi hawalijui hilo. Wanadhani maswali ndiyo yanayochelewesha gari, kwa hiyo wanatutukana na kukata simu, na dereva anabaki anazunguka mtaani akitafuta nyumba.

Meza iliyopakana na yangu alikaa mzee mmoja mnene tuliyemwita Polepole. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushee astaafu, na sijapata kumsikia akipaza sauti. Alikuwa na mazoea ya kurudia kila alichoambiwa kabla ya kukiandika. Geti jeusi. Haya, geti jeusi. Mimi mambo hayo yalikuwa yananipandisha presha. Nilimwambia kwa mwendo wake huo wagonjwa wanapona wenyewe kwa kuchoka kusubiri. Yeye akanijibu kwamba wangu wanapona kwa kuniogopa. Tulipendana kwa namna hiyo, kwa kurushiana maneno na kugawana maandazi ya saa nne.

Ukutani, juu ya saa, msimamizi wa zamu alikuwa amebandika karatasi yenye maneno sita: SIMU YA MTU WAKO SI YAKO. Maana yake ilikuwa kwamba ukimtambua mpigaji, akiwa mzazi wako, mwenzi wako, mtoto wako au ndugu yako, unainua mkono na mwenzako anachukua. Ikiwa imeshachukuliwa na mwenzako, hata usiikaribie. Niliamini sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wa kulialia. Mimi silii kazini. Kwa hiyo kwa miaka tisa niliitazama karatasi ile kama mtu anavyotazama bango la dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika chache asubuhi. Nilikuwa nimemaliza na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameingiza harage puani, nikawa napuliza chai yangu. Simu ikaingia kwa Polepole. Akaikaribisha kwa ustaarabu wake, akauliza mahali, akaanza kurudia. Nyuma ya kiwanda cha matofali. Haya, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nyumba ya tatu. Haya, ya tatu. Kuna cherehani barazani. Haya, cherehani barazani.

Sikuendelea kunywa. Baba yangu ni fundi cherehani. Mwenyewe anasema amestaafu, lakini nusu ya suruali za mtaa ule zinapunguzwa na kuongezwa kwenye baraza ile, na hakuna nyumba ya tatu nyingine nyuma ya kiwanda cha matofali.

Polepole hakujua kwetu ni wapi. Aliendelea na kazi yake. Ni mke wako, haya. Miaka sitini na nane. Alikuwa anaanika nguo akaanguka. Haitiki. Haya, haitiki. Kisha akamwambia mzee amtazame mgonjwa kifuani, aone kama kinapanda na kushuka, na akanyamaza kumpa nafasi. Nilimtazama mdomo. Hakipandi, akasema Polepole. Haya, hakipandi.

Hapo ile sauti yake ya kuburuta ikabadilika. Si kwamba alipaza. Iliongezeka kasi tu, ikawa imenyooka. Akamwambia mzee aweke simu kwenye spika, ailaze chini, apige magoti kando ya mkewe, aweke mkono juu ya mkono katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu, asiogope kumuumiza. Tutahesabu pamoja, akasema. Akaanza: moja, mbili, tatu, nne, huku akigonga meza kwa kidole ili mwendo usipotee.

Nilisimama. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu watu wengi hupenda kusema hawakujua walichokuwa wanafanya. Mimi nilijua. Nilifikiri kabisa, kwa maneno. Nilifikiri kwamba Baba sikio la kushoto halisikii vizuri. Nilifikiri kwamba mgeni hatamwelewa, atababaika. Nilifikiri kwamba Polepole ni Polepole, na kwamba mama ni wangu, na kwamba kama kuna mtu katika chumba kile anayeweza kumrudisha, ni mimi. Msimamizi alikuwa upande wa pili wa kioo, ametupa kisogo. Nikamvua Polepole hedifoni kichwani.

Ni mtu mkubwa, angeweza kunikatalia. Alisema tu, "Hakimu, anahesabu." Mimi nilikuwa nimeshaivaa.

Kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, nilimsikia Baba akihema na kuhesabu.

"Baba, ni mimi."

Kuhesabu kukakoma. Kitu kikakwaruza, simu ikaokotwa, na sauti yake ikawa karibu.

"Mwanangu? Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba. Mama anapumua?"

Alinyamaza kidogo. Ukimya ndio unaonipa mkate wangu. Naujua wa mlevi, wa mwenye aibu, wa mtu anayetafuta uongo. Ungekuwa wa mtu mwingine ningeukamata kwenye ukosi.

"Anapumua," akasema. "Anapumua vizuri tu. Kazinduka. Ni jua hili, si kitu kingine. Usiwe na wasiwasi."

Nikaamini. Nilikaa kwenye kiti cha Polepole, aliyekuwa amesimama kunipisha. Nikamwambia amlaze mama ubavu, amlegeze nguo shingoni, asimpe maji. Akaitikia kila moja. Nikamwambia amshike mkono. Akasema ameushika. Nikamwambia amweleze kwamba gari limo njiani, na mimi naja.

"Nimemwambia," akasema Baba. "Amesikia. Ametikisa kichwa."

Msimamizi alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yangu. Nilimgeukia nikamwambia ni mama yangu, lakini amezinduka. Alifumba macho, akamshukuru Mungu, akaniwekea mkono begani. Polepole alibaki amesimama mikono mitupu. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwambie mzee aendelee kukandamiza mpaka gari lifike. Nilimjibu kwamba mgonjwa anapumua, hakuna haja, na nilimjibu kwa ile sauti ninayowajibu nayo watu ninaowaona wazito wa kuelewa.

Tulizungumza dakika sita. Baba, ambaye kwenye simu hana maneno zaidi ya salamu, siku hiyo alizungumza. Alinieleza kwamba jirani amekuja na mwavuli, amemkinga mama jua. Kwamba nguo zilizoanguka zimekusanywa, zitafuliwa upya. Kwamba mama alikuwa amegoma kusaidiwa kuanika kwa sababu Baba huanika mashuka yakiwa yamekunjamana, aibu kwa fundi mzima. Nilicheka. Mama angeweza kusema hivyo kabisa, na nilicheka, ndani ya zile dakika sita. Nimejisamehe mambo mengine ya siku ile, hilo bado.

Kisha nikasikia king'ora ndani ya hedifoni, geti, viatu vya watu wanaokimbia. Nikatambua sauti ya muuguzi wa gari, kijana wetu, mmoja wa wale tunaokunywa nao chai. Aliuliza moja kwa moja, kama walivyofunzwa.

"Mzee, ameacha kupumua tangu lini?"

Baba alikuwa amegeuza uso kutoka kwenye simu, lakini hakugeuza vya kutosha.

"Tangu alipoanguka," akasema.

Walihangaika naye pale uwani, wakahangaika naye ndani ya gari, na wakaendelea kuhangaika hospitali mpaka daktari alipowaambia waache. Mimi nilifika akiwa ameshafunikwa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, suruali yake ina tope magotini. Aliponiona alisimama, akanishika, akaniambia mama yako hakuteseka. Alilirudia hilo siku zote za msiba, kwa kila aliyekuja. Sikumuuliza chochote, naye hakuniuliza.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Msimamizi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na nadhani sehemu yangu moja ilikuwa inaomba iwe hivyo. Hakunifukuza wala hakunigombeza. Alisema simu zote hurekodiwa, kama nijuavyo, na kila penye kosa mhusika husikiliza mwenyewe; lakini hii, nikitaka kukataa, yeye atasaini kwamba nimesikiliza. Nikamwambia aiwashe.

Kwenye rekodi Polepole anahesabu, na chini ya sauti yake yumo Baba, anahema, anahesabu naye. Anakwenda vizuri. Mtu aliyekanyaga cherehani miaka hamsini anajua kushika mwendo. Wanafika thelathini, wanaanza tena. Wanafika thelathini, wanaanza tena. Mara ya tatu wanafika kumi na nane, na hapo inaingia sauti ya mwanamke, kali, yenye uhakika, inasema Baba, ni mimi. Kumi na tisa haikuja.

Nilijikaza kisabuni mpaka mwisho. Halafu nikamuuliza msimamizi kwa nini hakunivua hedifoni. Akasema aliniona ninacheka, akaniamini.

"Ile karatasi unadhani niliibandika kwa ajili yenu?" akaniuliza. "Mnadhani ni kwa sababu mtalia. Lia, nani amekukataza? Niliibandika kwa ajili ya anayepiga. Mgeni ataambiwa ukweli. Wewe utaambiwa cha kukutuliza."

Nilikuwa naijua nyumba yetu. Kwetu mtu aliye mbali au aliye kazini hapewi habari mbaya. Babu alipofariki nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho chuoni. Nilipiga simu nyumbani kila Jumapili, na kila Jumapili nikaambiwa Babu hajambo, anakusalimia, na Babu alikuwa ameshazikwa. Mama alipopasuliwa tumbo nilikuja kujua kovu limekwisha kukauka. Nami nikaishika desturi hiyo vilevile. Ndoa yangu ilipovunjika, nilikaa mwaka mzima nikiwaambia kwamba mkwe wao amesafiri kikazi. Tulifanya hivyo kwa kupendana, na sisi wote tuliona ni jambo zuri. Hakimu huyu aliyewakamata waongo wa mji mzima alilelewa ndani ya uongo wa mapenzi, akawa hausikii tena, kama mtu asivyosikia mlio wa friji ya nyumbani kwake.

Nilikwenda kwa daktari aliyekuwa zamu siku ile. Nilimuuliza kama zile dakika sita zingemwokoa. Akasema moyo wa umri ule ni vigumu kujua. Wapo wanaorudi, wapo wasiorudi hata ukikandamiza bila kusita. Nikamwambia nataka ndiyo au hapana. Akasema hana. Nilitoka nimemkasirikia, na nilipofika ngazi za chini nikajua kwamba yule bwana hakunifanyia kosa lolote, aliniambia tu kile anachokijua.

Polepole nilimwomba radhi mbele ya wenzetu wote, kwa kuwa nilimdharau mbele yao. Alininyamazisha kwa mkono. Akasema yeye mwenyewe halali, kwa sababu angeweza kuing'ang'ania ile hedifoni na hakuing'ang'ania. Tukakaa kila mtu mezani kwake. Maandazi ya siku hiyo hayakuguswa.

Mwisho wa wiki nikaenda nyumbani. Ndugu walikuwa wameshaondoka wote. Baba alikuwa barazani, mbele ya cherehani, na hakuna kitambaa chini ya sindano. Tangu msiba tulikuwa hatujakaa sisi wawili tu. Njiani nilikuwa nimepanga nitakachomwambia: kwamba alifanya yote, kwamba daktari amesema isingewezekana kwa vyovyote. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, na najua kusema jambo likaaminika.

Aliniwahi yeye. Alisubiri nikae, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, tupu, mara mbili tatu.

"Yule mwenzako wa sauti nzito aliniambia nihesabu," akasema. "Kisha nikaacha. Ningeendelea, ingesaidia?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Hapana, Baba. Maneno mawili, na mzee angelala usingizi. Nilimtazama jinsi alivyokonda, shati lake mwenyewe linampwaya, fundi asiyelipunguza, na Mungu anajua nilivyotaka kumpa maneno hayo mawili. Lakini nilikuwa nimeona tulikofikishwa na maneno ya namna hiyo.

"Sijui," nikamwambia. "Daktari naye hajui. Huenda ingesaidia. Lakini hukuacha wewe, Baba. Niliyekuachisha ni mimi. Ile simu haikuwa yangu, tunakatazwa, nikamnyang'anya mwenzangu kwa nguvu. Ulikuwa unahesabu vizuri. Nimesikia."

Watu wawili walipita njiani wakatusalimia, tukawaitikia.

Nikamwomba anieleze. Yote, tangu mwanzo, bila kunionea huruma. Alianza kwa kusitasita, nikawa namuuliza moja moja, polepole, nikirudia alichosema ili ajue nimesikia. Mama alikuwa wapi? Kwenye kamba ya mwisho, karibu na ukuta. Karibu na ukuta, haya. Alisema neno? Hakusema, alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni, kilianguka kwanza kibanio, ndipo akaanguka yeye. Ulimfikia baada ya muda gani? Papo hapo, niliruka kiti. Nilipomgeuza uso nikamwita kwa jina lake la usichana, maana hilo huwa haachi kuliitikia.

"Alikuwa anapumua?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Na nilipokuja mimi kwenye simu?"

"Hapana."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu nilipomgeuza. Yule bwana aliponiambia nikandamize nilikandamiza, kwa sababu niliambiwa. Lakini nilijua."

Nilikuwa nalia wakati huo, na nikamwachia aone.

"Sasa mbona uliniambia anapumua, Baba?"

Alinitazama kana kwamba jambo hilo halikuhitaji kuulizwa.

"Mama yako nilimwona ameshakwenda," akasema. "Wewe nikakusikia uko peke yako huko kazini, sauti yako imepasuka. Nikaona nimwokoe aliyebaki."